Maji Yaliyobaki Mekundu

Watu wa mtaa wetu wa Kadutu, hapa Bukavu, hunijua kwa harufu kabla hawajaniona. Nikiingia kanisani, utasikia mtu nyuma ananong'ona, "Maman Chlore amefika." Jina langu ni Euphrasie, lakini siku hizi limebaki kwenye kadi ya ubatizo tu.

Kazi yangu ni kusimama kando ya ziwa, pale wanaposhukia watu wa vilimani kuchota maji, na kumtilia kila mtu dawa ya klorini ndani ya bidon yake, dumu la plastiki, kwa bomba la sindano. Bomba moja kwa bidon moja, halafu unangoja nusu saa ndipo unywe. Maneno hayo nayasema mpaka yananitoka usingizini, na hakosekani mtu wa kunijibu kwamba saa yake imeharibika. Mimi nami sina mdomo mzuri. Namwambia kipindupindu hakivai saa.

Nakijua kipindupindu. Ndicho kilichomchukua mama yetu, mdogo wangu Consolate akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ukawa wangu. Nilimlea kwa uji na kwa makofi. Akakua, akaolewa na Parfait, motard, dereva wa pikipiki, mwenye kucheka ovyo, wakakaa kwa mama yake Parfait, Maman Christine, juu kabisa mlimani, mahali ambapo njia imekuwa ngazi na ngazi imekuwa matope. Kila mimba aliyoshika Consolate ilitoka. Hii ya mwisho ilikaa. Ilikaa mpaka mtoto akaanza kupiga teke, na mdogo wangu akawa anamshika mkono mtu yeyote anayepita, hata muuza makala, mkaa wa kupikia, amwekee tumboni asikie.

Nilichokitaka duniani wakati ule kilikuwa kimoja tu: mtoto yule azaliwe, na mama yake awe hai wa kumnyonyesha. Kwa hiyo nilimkataza Consolate maji mengine yoyote isipokuwa ya ziwa, yaliyotiwa dawa kwa mkono wangu. Tumbo lake halikuipenda ile harufu. Alifumba pua, akanywa, akanitukana, akanywa tena.

Mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limeshika kila jani, akaja Christophe. Si daktari, ni fundi wa maabara kwenye chuo kimoja hapa mjini, lakini kwetu mtu akivaa blouse nyeupe, koti la maabara, tayari ni Docteur. Alikuja na kisanduku cha vichupa vidogo, kila kimoja kina maji mekundu kama jus ya grenadine. Akatukusanya pale ufukoni, akasema ndani ya vile vichupa kuna dhahabu.

"Or?" Télesphore akaruka. Huyu ni mtu wa Mwenga, alichimba dhahabu huko mpaka shimo likamchoka, sasa anawabebea watu bidon kupandisha mlima. "Miye nilichimba or miaka yote ile, sikuona hata ya kutia mu jino. Kumbe ilikuwa mu jus?"

Tukacheka wote. Christophe naye alicheka, halafu akaeleza, maana kueleza anajua. Dhahabu ikifanywa punje ndogo kupita vumbi, ndogo ambazo hakuna jicho la kuziona, na punje hizo zikikaa mbalimbali majini, haiwi ya njano tena, inaonekana nyekundu. Punje zake zimevikwa kitu kinachonasa vijidudu vya kipindupindu. Vijidudu vikiwepo, punje zinavikimbilia, zinasongamana, na zikisongamana rangi inageuka buluu. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna kungoja siku na siku.

"Ikibakia rouge, maji iko muzuri," akasema. "Ikigeuka bleu, iko na microbes. Mutaona na macho yenu wenyewe."

Laiti angesema lolote lile, ila si hilo la mwisho.

Akaomba maji ya kujaribia. Maman Christine alikuwa ameshuka pamoja na Consolate, na mkononi ana chupa ya maji ya chemchemi yetu, ile iliyo bondeni chini ya nyumba yake. Marehemu mume wake ndiye aliyejenga saruji na bomba la ile chemchemi, kwa hiari yake, bila malipo, na tangu hapo mama huyu anayasifu maji yale kama unavyosifu mtoto aliyesoma. Akanyoosha chupa. Christophe akadondosha matone kwenye kichupa, akatikisa, tukangoja. Kikabaki chekundu. Watu wakapiga makofi, na Maman Christine akaangalia chini kwa haya, lakini meno yote nje.

"Sasa ya Maman Chlore!" wakapaza.

Nikaleta bidon niliyoitia dawa asubuhi. Nilijivuna, sifichi. Christophe akadondosha, akatikisa. Kwanza kichupa kikawa zambarau. Halafu, mbele ya macho ya mtaa mzima, kikawa buluu kama wino wa Bic.

Kicheko kikaanza. "Maman Chlore, njo ulikuwa unatukunywesha nini?" Christophe akajaribu bidon nyingine, na nyingine, akayachota na ya ziwa lenyewe. Yote buluu. Nilimwona usoni kwamba naye haelewi. Akasema atapeleka maji maabara ahakikishe, watu wasubiri, wasikate neno haraka. Nani asubiri? Walishaanza kupanda, wakisimuliana, na Consolate alikuwa miongoni mwao, akiyaegemea mabega ya mama mkwe wake. Hakugeuka kuniangalia.

Kesho yake nilisimama na bomba langu la sindano pale ufukoni kama mtu aliyekuja harusini siku si yake.

Christophe alirudi juma lile lile, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa ameyaweka maji yetu kwenye sahani za maabara aone kama vijidudu vitaota. Maji ya ziwa yaliyotiwa dawa hayakuotesha kitu. Yalikuwa safi. Kosa lilikuwa la kichupa. Ziwa letu lina madini mengi, chumvichumvi ambayo ulimi hauisikii lakini dhahabu inaisikia, na madini yenyewe ndiyo yaliyozisukuma zile punje zikasongamana, bila kijidudu hata kimoja. Waliotengeneza vichupa, huko waliko hawana ziwa kama hili. Ndiyo maana hakuna aliyefikiria.

Aliyaeleza hayo yote mbele ya watu, na kujaribu akajaribu. Akafungua chupa ya maji ya dukani, akatia kwenye kichupa: nyekundu. Akachukua chumvi ya jikoni, akatia kidogo: buluu.

"Munaona? Humu haiko microbes. Iko chumvi tu."

"Basi na chumvi iko na microbes," mama mmoja akasema, akainua bidon yake tupu akaondoka.

"Bale ba chlore balimupatia enveloppe," mwingine akamalizia, akimaanisha hongo.

Télesphore ndiye aliyebaki akikuna kichwa. Hakuwa na ubaya, yule. "Docteur," akasema, "siku ile ulituambia tuone na macho. Tuliona. Sasa unataka tuone na nini?"

Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo wasemavyo wahenga, na hawakutuachia neno la kumwambia yule ambaye macho yamemdanganya. Christophe akafunga kisanduku chake. Nilitamani kumtukana, nikashindwa, kwa sababu alikuwa amekuja kusema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na wangapi wanaofanya hivyo?

Nikapanda kwa Consolate. Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua maharage ya kwenda kuuza sokoni, miguu imevimba, uso unang'aa.

"Yaya, ikala," akasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, na kabla sijakaa mkono wangu alikuwa ameshauweka tumboni. "Unasikia? Huyu atakuwa mubishi kama weye."

"Consolate, rudia maji ya ziwa. Docteur alishaeleza."

"Alieleza mara mbili. Ile ya kwanza njo niliielewa."

"Ya kwanza ilikuwa makosa."

"Nilimeza ile harufu miezi yote hii ju yako. Sasa ninakunywa maji na mutoto anatulia, hata kutapika sitapike tena. Niache nipumue."

"Basi chemsha."

"Makala inatoka wapi?"

"Nitakuletea miye."

Akaacha kuchambua. Akaniangalia kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. "Yaya, sema tu ukweli. Unaogopa kazi yako itakufa."

Ningempiga kofi kama zamani. Badala yake nikainuka nikateremka, na njia nzima nilikuwa najibu kwa sauti mambo ambayo sikumjibu. Asubuhi nikapanda tena, bidon ya maji ya ziwa mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Akanishukuru sana. Nilipopanda siku iliyofuata nilikuta ameyafulia. Nikaleta mengine, akapigia deki. Mdogo wangu hakunifukuza hata siku moja. Alipokea kila bidon kwa mikono miwili, akaniombea baraka, halafu akanywa ya chemchemi. Utafanya nini na mtu wa namna hiyo? Mtoto unamfumba pua na kumnywesha. Mtu mzima mwenye mimba na mume, unamlazimisha kwa mikono ya nani?

Mvua zikaanza. Anayeijua Kadutu hahitaji kuelezwa: mlima wote umejaa nyumba, kila nyumba ina choo chake kilichochimbwa kwa kubahatisha, na maji yote ya mvua yanatafuta njia ya kushuka. Chemchemi ilizidi kutoa. Maji yake yalikuwa maangavu, baridi, matamu. Maman Christine alisema mume wake anawakumbuka huko aliko.

Christophe aliyapima tena. Safari hii alinijia kwanza mimi, ufukoni, na kichupa kiganjani. Buluu. Na sahani za maabara nazo zilikuwa zimeota vijidudu. Hapakuwa na shaka tena.

Tukapanda pamoja mpaka chemchemini. Palikuwa na foleni ndefu, ile foleni iliyokuwa yangu. Christophe akainua kichupa juu, akawaambia.

"Docteur," Maman Christine akauliza bila ukali wowote, bidon yake ikiendelea kujaa, "si weye mwenyewe ulitufundisha kwamba bleu inaweza kudanganya?"

"Ile ilikuwa maji ya ziwa, maman. Huku haiko chumvi."

"Ya kwanza bleu ilikuwa kweli. Ya pili bleu ilikuwa uongo. Leo bleu imerudia kuwa kweli. Na kesho?"

Watu wakacheka, tena bila chuki, kama unavyomcheka mtoto wa jirani aliyeteleza. Christophe alijibu. Alijibu vizuri, kwa mpangilio, na kila neno lilikuwa sahihi, na maji yakawa yanashuka bombani wakati wote anaongea. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilipomaliza, mama aliyekuwa mbele yangu akanipa kikombe nilainishe koo.

Hazikupita siku nyingi. Nilikuwa ufukoni, mchana, wakati Télesphore alipoteremka mbio bila bidon hata moja. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mudogo wako. Anaharisha na kutapika tangu asubuhi. Balimupeleka kwa ule munganga wa karuho."

Karuho ndilo jina tunaloipa sumu hapa kwetu, ile ya kutiwa kwenye chakula na mtu mwenye wivu. Mtu akikonda, karuho. Akitapika, karuho. Consolate alikuwa amekula maharage sokoni na wenzake jana yake, na jirani mmoja alipoona jinsi maji yanavyomtoka, akalitaja lile jina, na likishatajwa hakuna anayefikiria lingine. Parfait alimpakia kwenye pikipiki, akamkimbiza kwa mganga kwa mapenzi yake yote.

Nilimkuta kwenye mkeka uani. Na dawa ya karuho unajua ni nini? Ni majani ya kumtapisha mgonjwa. Mtu ambaye mwili wake wote unamwagika, alipewa ya kumwaga yaliyobaki. Macho yake yalikuwa yamezama. Vidole vimejikunja ngozi kama vya mtu aliyeshinda anafua.

"Inapashwa kutoka yote," mganga akaniambia.

Sikumbuki nilimjibu nini. Parfait anasema ni vizuri sikumbuki. Tulimpandisha kwenye pikipiki katikati yetu, mimi nimemkumbatia kwa nyuma, na kila tuta la barabara kichwa chake kilinigonga kidevuni. Kwenye kituo cha kipindupindu walimlaza kwenye kile kitanda chenye tundu na ndoo chini. Muuguzi alitafuta mshipa mkono wa kulia, akatafuta wa kushoto, akatafuta mguuni. Mishipa ilikuwa imelala. Nikachukua kikombe cha maji ya chumvi na sukari nikawa namnywesha kwa kijiko.

"Yaya, niko na kiu."

"Kunywa, mama yangu. Kunywa."

Akaonja, akageuza uso. "Inanuka chlore."

Mshipa ulipopatikana, mtoto alikuwa ameshaacha kupiga teke. Consolate aliuweka mkono wangu pale pale alipozoea kuuweka, akangoja, akaniangalia usoni asome mimi nasikia nini. Sikusikia kitu. Nilimwambia amelala. Kabla ya jioni naye akalala.

La kuvunda halina ubani. Hatukupewa hata mwili kuuleta nyumbani. Wa ugonjwa huu huzikwa na watu wa kituo, kwa dawa na mifuko. Kwa hiyo kilio kilifanyika bila maiti, nyumbani kwa Maman Christine, uwanja umefunikwa kwa shitingi, turubai la plastiki, na mvua inanyunya. Wanawake wa mtaa wakaja na desturi yao, bidon za maji kichwani na mgongoni, ili wafiwa wasitaabike kuchota. Zote za chemchemi. Walizipanga ukutani.

Christophe alikuja, akakaa pembeni yangu. "Nilipima asubuhi," akanong'ona. "Bado bleu. Bleu kabisa."

Nilikuwa nimeanza kusikia kitu kingine. Uwanjani watu walikuwa wanahesabu mimba za Consolate. Ile ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, na hii sasa imeondoka na mama yake. Wote waliishi wapi? Nani alikuwa anapika? Nani alikuwa anampa maji kila siku, kwa mkono wake? Kituoni walisema kipindupindu, ndiyo, lakini kituoni husema kipindupindu kwa kila mtu. Vijana wa mtaa hawakuwa wamekaa na wazee. Walisimama nje, kwenye njia, na pale miguuni pao mtu alikuwa amelaza pneu, tairi kuukuu la gari. Gari haliwezi kufika kwetu. Niliiangalia ile pneu nikaelewa imepandishwa kwa mabega, kwa kazi maalum ya kumvika mtu na kumchoma.

Maman Christine naye alikuwa ameelewa. Kwetu Bukavu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako. Ukinywa baada yake, umemsafisha mbele ya watu wote. Ukikataa, umemtaja. Akachota kikombe kwenye bidon, akatoka mpaka katikati ya uwanja, kitambaa kimemteleza kichwani, mvi zote nje, asione hata aibu ya kukirudisha. Akanywa funda moja. Halafu akapiga magoti mbele yangu, akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili.

"Mama wa Consolate njo weye," akasema. "Nilikuwa namupenda. Kunywa, mwanangu, batu baone."

Mama yule alimpenda kweli. Ni yeye aliyemkanda miguu kila jioni. Maji aliyompa yalikuwa yale yale aliyokunywa yeye, yaliyobaki mekundu mbele ya mtaa mzima, kazi ya mikono ya mume wake.

"Ngojeni kwanza!" Ilikuwa sauti ya Télesphore, na alikuwa analia. "Ju ya nini tubahatishe? Docteur iko hapa. Apime ile maji!"

"Apime! Apime!" Vijana wakaingia chini ya shitingi.

"Ile kitu yake inadanganyaka," mzee mmoja akajaribu.

"Kwa microbes inadanganyaka. Sumu iko sumu," kijana mmoja akamkata.

Wakamtazama Christophe. Ndani ya mfuko wa shati lake vichupa viwili vilikuwa vinaonekana, vyekundu. Akaniangalia mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezama. Akipima, buluu. Akikataa, anaficha. Aseme nini? Aeleze tena? Wangekuwa wameshamtoa mama yule mpaka njiani kabla hajafika kwenye neno la pili.

Nikachukua kikombe. Nikanywa mpaka chini, na ili pasiwe na maneno nikakigeuza juu chini mbele yao, hata tone halikuanguka. Maji yalikuwa matamu kweli.

"Nimekunywa," nikasema. "Mama huyu hana neno na miye. Neno limeisha."

Na likaisha. Ndivyo desturi ilivyo, mfiwa akishakunywa hakuna mwenye haki ya kuuliza tena. Vijana wakaangalia chini. Mmoja akaenda akaibiringisha ile pneu kwa mguu, ikashuka bondeni ikigongagonga. Maman Christine alinishika magoti akalia kwa sauti, na wanawake wote wakalia naye, na mimi pia, mwisho, nikalia.

Kisha Parfait akainuka. Alikwenda kwenye bidon ile ile, akachota kikombe, akainama mbele ya mama yake, akanywa. Ilikuwa haki yake, alikuwa anamwomba msamaha kwa alichokisikia akanyamaza. Baada yake Télesphore. Baada yake mama yule wa chumvi. Wakaanza kupanga mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na kikombe kile kimoja, kila mtu anataka aonekane kwamba hakumshuku jirani yake. Waliokuja na watoto wakawanywesha na wao.

Nilifungua mdomo. Niseme msinywe? Nimtaje Maman Christine upya kwa neno hilo? Dawa yangu ilikuwa kwenye mkoba, chupa nzima, na kutia kitu ndani ya maji ya kilio mbele ya watu wanaotafuta mchawi ni kujitaja mimi mwenyewe. Christophe alikuwa amefunika uso kwa mikono. Nikamwambia polepole aende kituoni, awaambie watayarishe vitanda. Akaniuliza vingapi. Nikamwonyesha mstari kwa kidole.

Walinipita wakinigusa bega. "Asante, Maman Euphrasie," wakaniambia, kwa jina langu. "Umeokoa mutaa." Bidon ikaisha kabla wote hawajapata, na Maman Christine akamtuma mtu akimbie chemchemini kuleta nyingine.